Kiswichi cha Boneti

Wanaosema pwani hakuna baridi hawana mama mwenye baridi yabisi. Nawasikia kila kipupwe kikiingia, wanacheka eti watu wa Bagamoyo tukipulizwa na upepo kidogo tunakimbilia sweta. Waje kwangu alfajiri ya mwezi wa saba, umande umelowesha mpaka kamba ya kuanikia nguo, wamwone mama yangu akijaribu kufunga ushungi wake. Nilikuwa nakasirika wanapocheka na mpaka leo nakasirika, ila hasira yenyewe imegeuka sura na sijui pa kuipeleka.

Mama alizaliwa Fukayosi, akaletwa mjini na ndoa, na tangu nipate akili namwona na ukili mkononi. Alikuwa anasuka huku anaongea, anasuka huku anasikiliza redio, mara nyingine anasuka huku anasinzia, na ukili unatoka umenyooka vilevile. Mikeka yake imelaliwa na maharusi, imekaliwa na wafiwa, na mmoja uko kwangu chumbani ambao sitaki mtu aukanyage na viatu. Halafu yale maradhi yakaingia kwenye viungo vya vidole. Vilivimba mpaka pete aliyovishwa na marehemu baba ikabidi ikatwe kwa sonara. Daktari wa viungo akasema mambo mawili: kila Jumatano aende kliniki Dar es Salaam, na vidole visipigwe baridi. Visipigwe baridi kabisa, akasema, hasa asubuhi, la sivyo vitakakamaa moja kwa moja na kusuka basi.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu duniani. Mke wangu anafundisha shule Vigwaza, anarudi mwisho wa juma. Mimi natunza pampu za kumwagilia mashamba upande wa Makurunge, na siku za kazi nafuatwa na gari la huko. Gari langu dogo, kuukuu, lilikuwa la Jumatano. Tukimaliza sala ya alfajiri lazima tuondoke, maana namba za kliniki anapewa anayewahi, na mtu wa Bagamoyo hawezi kuwahi kama wa Magomeni. Tatizo ni kwamba gari likilala nje linakuwa baridi kuliko nyumba, na hita yake haitoi joto mpaka injini ichemke kidogo. Mama alikuwa anakaa kiti cha mbele, mikono ameikunjia kwapani, mpaka tunakaribia Mapinga ndiyo joto linaanza kutoka. Nikimtazama nilikuwa naona aibu.

Ndipo nilipokiona kile chombo, dukani Kariakoo. Kinafungwa chini ya dashibodi, unapewa rimoti, unaliwasha gari ukiwa mbali. Juu ya boksi pamechorwa gari limefunikwa na theluji mpaka madirishani na mzungu yuko ndani kwake anabonyeza, anatabasamu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Theluji ya wapi mume wangu, ya Kaole?" Nikamwambia acheke tu. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Msikiti uko nyumba ya nne kutoka kwetu. Imamu akitoa salamu, natoka nje, nabonyeza. Narudi ndani kwenye dua, napeana mikono na watu, na nikifika nyumbani gari lina dakika kumi linaunguruma na hita imechemka. Mama anaingia kwenye joto.

Fundi aliyenifungia ni mtu mzima, mwenye kitambi na miwani ya kusomea, na kazi yake ni safi. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye nilimtukana mbele za watu. Alinieleza chombo kinapokataa: gari likiwa kwenye gia, kinakataa, ukikanyaga breki, kinakataa, na boneti ikiwa wazi, kinakataa. Akanionyesha pembeni, chini ya boneti, kiswichi kidogo kinachochomoza mfano wa kidole gumba. Boneti ikifungwa inakikandamiza. Isipokikandamiza, hata ubonyeze rimoti mpaka kesho, gari haliwaki.

"Hiki ndiyo kinalinda mkono wa mtu, mzee," akasema.

Nikamwambia mimi ni mtu wa pampu, hana haja ya kunifundisha. Na kweli. Kule kazini kila pampu ina swichi ya namna hiyo kwenye kifuniko cha mkanda. Nimewahi kumsimamisha kazi mtu mzima, mwenye familia, kwa sababu alikifunga kiswichi kwa kipande cha waya ili asisumbuke kufunga kifuniko. Nilimwambia maneno mazito. Nilimuuliza kama anataka kula kwa mkono wa kushoto.

Wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. King'ora chake tu ndicho kilichotusumbua, paka akirukia gari mtaa mzima unaamka, nikamwambia fundi akikate. Lakini kuwaka, liliwaka. Mama aliingia, akaweka viganja mbele ya hita, akafumba macho. "Baba," akasema, "humu mna joto kama chumba cha mzazi." Nilijiona mwanamume.

Ukaingia mwezi wa saba. Jumatano ya kwanza nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikarudi nyumbani mbio, nikaingiza ufunguo, gari likakoroma kwa taabu ndiyo likawaka, na tukasafiri kwenye baridi ileile. Sikunyamaza. Mimi nikikasirika nina sauti, nimeirithi kwa baba. Nilizunguka gari nikipiga mabati mateke na kusema, "Baridi imeliua! Gari limelala na baridi, limekufa!" Mama alikuwa barazani ananitazama.

Fundi alikuja Jumamosi. Haikuwa baridi peke yake. Vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe wa chumvi, hewa ya bahari hii haiachi chuma salama, na kwenye baridi ya alfajiri umeme ukawa hautoshi. Akasugua, akapaka grisi, akabadilisha na kile kibetri cha rimoti. Gari likawa zima. Hapo mambo yangekwisha.

Ila mama alikuwa amenisikia nikisema limekufa kwa baridi, na baridi ya magari mama anaijua. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka chumvi Njombe na kurudi na viazi. Walipooana alimchukua safari moja, na kule, alituhadithia mara nyingi, usiku ukiingia madereva wote wanafunua maboneti na kuzifunika injini kwa mablanketi, zisigande. Baba alikuwa na blanketi lake la kijivu kwa kazi hiyo, na blanketi hilo lilikuwa bado limo kabatini kwa mama. Basi kila Jumanne, nikishaingia kulala, alichukua ufunguo wa akiba kwenye msumari, akavuta kile kibanio cha ndani, akafunua boneti, akaifunika injini blanketi la mumewe. Boneti akaiteremsha polepole juu yake. Haikufunga sawasawa, blanketi ni nene. Alfajiri akishaswali chumbani kwake, alitoka, akalitoa, akaiegemea boneti kwa uzito wa mwili mpaka ikabana, akaingia ndani kunisubiri. Yote hayo na vidole vile.

Hakuniambia. Mama si mtu wa kutangaza alilokufanyia.

Kwa hiyo Jumatano iliyofuata nikabonyeza, kimya. Nikafika nyumbani, nikabonyeza tena mbele ya gari lenyewe kwa hasira, likawaka mara moja. Nusura niitupe rimoti chooni. Jumamosi fundi akaja, saa sita mchana, jua limesimama. Akabonyeza, likawaka. Akaenda mpaka kona ya msikiti, akabonyeza, likawaka.

"Mzee, mbona iko freshi?"

Hakuna maneno yanayoniudhi kuliko hayo. Umesumbuka, umechelewa, mama yako amekakamaa kwenye foleni akiwa namba ya sitini, halafu mtu anakuja mchana kweupe anakuambia mbona iko freshi. Nikamwambia njoo alfajiri. Akasema anakaa mbali. Nikamwambia basi wewe ni fundi wa jua. Akacheka, mimi sikucheka.

Jumatano ya tatu, kimya vilevile. Sasa nilikuwa naingia msikitini moyo umeshapanda. Naswali huku nawaza rimoti, Mungu anisamehe, kuna rakaa sijui nilisoma nini. Nyumbani nilikuwa nabamiza milango. Mke wangu aliporudi mwisho wa juma akaniambia nimekuwa mtu wa kuogopwa kwa ajili ya gari, nikamwambia si gari, ni mikono ya mama. Nililisema hilo kwa sauti ya juu, na mama yuko jikoni anasikia.

Fundi alipokuja Jumamosi hiyo alikuwa amesoma karatasi ya chombo. Akasema kikikataa kuwaka kinajieleza, taa ndogo za gari zinapepesa, na idadi ya kupepesa ndiyo jibu. Lazima mtu awe karibu ahesabu. Nikamwomba mama: Jumatano nikiwa msikitini, atazame taa.

Alihesabu. "Zimepepesa mara nne, baba," akaniambia nilipofika. "Nilikuwa papo hapo."

Papo hapo. Mtu mwenye akili timamu angeuliza, mama, alfajiri yote hii, na umande huu, papo hapo mbele ya gari ulikuwa unafanya nini? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshamgeukia fundi kwenye simu, namwambia nne, ni nne, tazama karatasi yako.

Nne ni boneti wazi. Fundi akaja, akaifungua, akakitazama kiswichi, akakiona kimeota kutu kidogo pembeni. Akakisafisha. Akabonyeza, gari likawaka. Akasema tusubiri Jumatano tuone. Mimi nikasema sisubiri Jumatano nyingine. Nikamwambia akate waya wa kiswichi, apige dairekti, chombo kidhani boneti imefungwa siku zote.

Alivua miwani. "Mzee, hiki hakikatwi."

"Kata."

"Mkono wa mtu, mzee."

"Nani anafungua boneti ya gari langu alfajiri?" nikamuuliza. "Jini?"

Akaniuliza tena kama nina uhakika. Nikamwambia gari ni la kwake au la kwangu. Akakata, akaunga, akafunga utepe mweusi, akaondoka bila kunywa chai niliyomwekea.

Jumatano ile kulikuwa na baridi kweli. Imamu alitoa salamu, nikatoka kabla ya dua, nikasimama kizingitini bila viatu, nikabonyeza. Ukuta wetu hauonyeshi gari, lakini sauti inafika. Nikasikia stata, nikasikia injini imeshika, na kwa muda wa kupumua mara moja nilifurahi kama siku ya Idi. Halafu ikatoka sauti ya kukaba, gari likazima.

Nilitukana. Nipo mlangoni mwa nyumba ya Mungu, nikalitukana lile gari, nikamtukana aliyelitengeneza, nikamtukana fundi na kitambi chake, kwa sauti ambayo iliwatoa watu kwenye uradi. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasema astaghfirullah. Nikabonyeza tena. Likashika tena, likazima tena.

Nilitembea nyumbani taratibu kwa sababu nilikuwa napanga maneno ya kumwambia fundi. Yalikuwa mazuri, nayakumbuka mengine mpaka sasa. Nikasukuma mlango wa uani. Boneti ilikuwa juu. Blanketi la kijivu la baba lilikuwa limezongwa kwenye mkanda wa feni, nusu ndani nusu linaning'inia. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mkono wa kulia ameuviringisha kanga, na kanga ilikuwa imebadilika rangi.

"Limewaka, baba," akaniambia.

Hospitali waliokoa walichoweza. Kidole cha shahada kimeishia kwenye kiungo cha kati. Cha pili yake kipo, lakini hakikunji. Hivyo ni vidole viwili vinavyobana ukindu. Vilivyobaki ni wasaidizi tu. Daktari alikuwa mpole na alieleza vizuri, na nilimchukia kwa upole wake. Mama alilala hapo, akanisimulia habari za blanketi na za Njombe, polepole, kama mtu anayekiri kuvunja chombo cha watu. Akasema gari lilipowaka mara ya kwanza ndiyo alikuwa anainua boneti, pembe ya blanketi ikavutwa, injini ikakabwa ikazima, na yeye hakupata hata mkwaruzo. Akaingiza mkono kulitoa. Likawaka tena.

"Lenyewe tu," akasema. "Gari lako lina bidii."

Siku ileile jioni nikaenda gereji kwa fundi, nikamwita muuaji mbele ya wateja wake. Alikuwa ameshika spana, akaiweka chini. Hakunijibu kwamba alinikataza. Hakusema aliniuliza mara mbili. Alisema, "Pole sana mzee, mama anaendeleaje?" na mimi nikaendelea kutukana, kwa sababu ningenyamaza ningelazimika kusikia mwenyewe.

Maana hesabu ni hii, na nimeipiga usiku na mchana. Wiki tatu kile kiswichi kilikuwa kinakataa, na wiki tatu mimi nilikuwa nakilaani. Sijui ni alfajiri ngapi kati ya hizo nilibonyeza wakati mikono ya mama imo ndani ya injini, na kikanikatalia. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kinafanya kazi yake kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Yule bwana niliyemsimamisha kazi Makurunge sijui yuko wapi siku hizi. Ningependa asisikie habari hii.

Chombo nilikitoa kwa mikono yangu, nikakivunja kwa nyundo, haikusaidia. Watu wakaja kutupa pole, na kila mmoja ana la kusema kuhusu vifaa vya siku hizi, na mimi naitikia, naam, vifaa vya siku hizi. Nilimkasirikia mke wangu kwa kutocheka safari hii. Nilimkasirikia marehemu baba kwa blanketi lake. Kwa mama nilikuwa naingia, nasema shikamoo, napata marahaba, natoka.

Joto likarudi, kama linavyorudi kila mwaka, likimkuta mama anajifunza upya. Anabana ukindu kwa kidole cha pete na kidole gumba, akishindwa anashika kwa meno. Ukili unatoka umepinda. Anaufumua, anaanza tena. Mchana mmoja nilishindwa kupita. Nikakaa kwenye mkeka, mbali naye kidogo, nikasema lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

"Mama, siku ile gari halikuwaka lenyewe mara ya pili. Nilibonyeza mimi."

Akatoa ukindu mdomoni. "Najua, baba."

"Umejuaje?"

"Lilipozima nilikusikia," akasema. "Nilikusikia kule msikitini unavyotukana. Nikasema, Mola wangu, akija akalikuta hili blanketi leo itakuwaje? Nikaingiza mkono haraka haraka nilitoe kabla hujafika."

Alisema bila kunitazama, anatafuta pale alipoachia. Kisha akanisogezea ncha ya ukili nimshikie, ili apate kuvuta.